Mawe Matatu ya Baltazar

Bi Eduvina alitema mate mchangani tulipokuwa tunaliteremsha jeneza la mama kutoka kwenye gari, na hakuna hata mmoja wetu aliyeshangaa. Tungeshangaa kama asingetema.

Ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, siku ambayo watu wa shura, ile chumvi ya mbolea na baruti tuliyokuwa tukiichimba, waliotawanyika hadi bandarini, hurudi jangwani kwa wafu wao. Kambi yetu ya San Evaristo ilikwishafungwa zamani. Mabati yaliuzwa, mbao ziling'olewa, zimebaki kuta zisizo na paa na kile kilima kirefu cha mawe yaliyochemshwa yakakamuliwa shura yote. Lakini makaburi yapo. Siku moja kwa mwaka yanajaa watu wanaopangusa misalaba, wanaopaka chokaa, wanaotundika mashada ya karatasi na ya bati, kwa sababu ua bichi pale linakauka kabla hujamaliza sala.

Kaburi la baba yetu Baltazar lilikuwa na zamu. Sisi asubuhi, wao mchana. Asubuhi tulilikuta shada lao tukalitupa. Mchana wao walilikuta letu wakalitupa. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunajuliana hali.

Sisi ni mimi Zunilda na kaka yangu Rosamel, watoto wa Herminda, mke wa ndoa ya kanisa, aliyekaa Tocopilla kando ya bahari na kumpokea mumewe kila Jumapili. Wao ni Eduvina, aliyefua nguo za wachimbaji kambini na kuishi na baba siku nyingine zote za juma, na binti yake Nolfa, ambaye amechukua pua ya baba kuliko mimi. Mama alimwita Eduvina "yule mfuaji". Eduvina alimwita mama "yule wa Jumapili". Majina yenyewe hawakuyatamka kamwe, si baba alipokuwa hai, si baada ya kufa.

Ugomvi ulikuwa juu ya nafasi moja, upande wa kulia wa baba.

Ardhi ya pale si ardhi ya koleo. Ni ukoko wa chumvi na mawe yaliyoshikana, na watu wa kambi walikuwa wanafungua makaburi kama walivyofungua machimbo, kwa mtaimbo na baruti. Daktari alipomwambia baba kwamba mapafu yake yamejaa vumbi, baba hakungoja kuchimbiwa. Alikwenda makaburini mwenyewe na vifaa vyake, akafungua mahali pake, na pembeni akaanza pa pili. Kifua kikambana juma lilelile, akafa. Pale pa pili aliacha mawe matatu, yamepangwa kama mafiga.

Mama aliyaona siku ya mazishi. Alikuwa mtu wa bandarini, mambo ya machimbo hakuyajua, ila mafiga aliyajua. Aliamini mumewe amemwekea jiko, kwamba amemwambia mbele ya watu wote nani ni mwenye nyumba. Toka mwaka ule akawa anayapaka chokaa kila Novemba, akipiga magoti, jiwe kwa jiwe, na katikati yake anasimamisha kopo la maua ya karatasi. Eduvina hakuwahi kuyagusa mawe yale. Alisema tu, kwa kila aliyekuwa na masikio, kwamba nafasi ile ni yake.

Mama alipougua alituapisha. Hakutaka Tocopilla, hakutaka bahari aliyoichukia maisha yake yote. Alitaka pale. Akafa mwishoni mwa Oktoba, na tukaona heri tumpeleke siku yenyewe ya sikukuu, asubuhi, kwenye zamu yetu, tumzike, tuondoke.

Gari likatuangusha. Lilichemka kwenye mlima wa kupanda kutoka pwani, tukalimiminia maji yetu yote ya kunywa ndipo likakubali. Tulipofika jua lilikuwa utosini na wao wameshakaa. Nolfa na mumewe Orosimbo walikuwa wametandika turubai wanakula empanada, zile sambusa kubwa za nyama, na Bi Eduvina ameketi kwenye kiti cha mbao, amefunga kitambaa cheusi, kama hakimu. Ndipo akatema yale mate, kisha akageuza kiti, akatupa mgongo.

Nolfa aliinuka akasimama katikati ya mawe matatu, kopo la maua la mama akilisukuma kwa mguu.

"Mmechelewa," aliniambia. "Zamu yenu imepita."

"Tumekuja na maiti, Nolfa. Hatukuja na maua."

"Maiti nayo ina zamu."

Rosamel akageuka akaenda garini. Yeye huendesha yale malori makubwa ya mgodi wa shaba, ambayo gurudumu lake linampita mtu urefu, na amezoea vitu vidogo vimpishe. Aliuchukua mtaimbo, akaja nao polepole. Nolfa akamwambia amtoe kama anaweza. Ningependa kusema kwamba nilimzuia kaka yangu. Nilikuwa namwombea atumie nguvu. Orosimbo ndiye aliyemvuta mkewe kwa mkono wa blauzi, akinung'unika kwamba hakuja jangwani kupigana juu ya kaburi la mkwe ambaye hata hakumjua, na Nolfa akaburutwa huku akitutukania mama yetu palepale alipolala.

Rosamel aliyapiga mateke mawe matatu yakabingirika. Akapiga mtaimbo. Ukoko wa chumvi ukabanduka kama ganda la mkate. Akapiga tena, chuma kikakutana na jiwe, cheche ikaruka.

"Mwambieni aache."

Alikuwa Bi Eduvina. Hakuwa amegeuka. Rosamel akaunyanyua mtaimbo mara nyingine.

"Ukipiga tena watakuokota kwa ungo," Bi Eduvina alisema. "Hapo pana baruti."

Kaka yangu alicheka. Akasema angeshangaa kama ajuza asingepata la kusema. Leo baruti, kesho shetani. Lakini hakupiga. Nami nilikwishapiga magoti, kwa sababu kulikuwa na kitu cheusi kwenye ule ukoko uliobanduka. Nilipangusa kwa kiganja. Ilikuwa ncha ya utambi, imeungua upande mmoja, imekauka kama mkia wa panya. Nikafuata kwa kidole pembeni yake, nikatoa chembe nyeusi kavu, kavu kama zimemiminwa jana. Mvua pale hainyeshi. Hakuna kitu kinachooza, hata chuki.

Bi Eduvina akageuza kiti. Akatueleza, mikono imekaa mapajani, kwamba baba alitega mashimo mawili siku ile, akawasha tambi za yote mawili. La kwanza likalipuka likafungua kaburi. La pili likakataa. Na kwa watu wa shura baruti iliyokataa haisogelewi. Mchimbaji huweka mawe matatu juu ya mdomo wa shimo na kuondoka, na mtu mwingine haruhusiwi kuligusa mpaka aliyelitega arudi amalize kazi yake mwenyewe. Baba alikusudia kurudi siku ya pili. Hakurudi ila kwenye jeneza.

Orosimbo, ambaye kazi yake ni kulipua miamba kwenye mgodi wa shaba, akasema kwao shimo lililokataa hufungiwa kitambaa chekundu. Ya mawe hajawahi kuyasikia. Mimi nilikuwa nayatazama mawe yetu, meupe pande zote kwa chokaa ya miaka.

"Ulijua siku zote?" nilimwuliza.

"Nilimpelekea chai. Nilisimama hapo ulipo na kopo mkononi."

"Na mama akawa anayapaka chokaa."

"Alikuwa na mkono mzuri wa chokaa," Bi Eduvina alisema. "Sikuona sababu ya kumkatiza."

Rosamel alimtukana tusi ambalo silirudii. Ajuza alilipokea bila kupepesa. Akasema kila mwaka alimwona yule wa Jumapili akipiga magoti juu ya baruti na vimaua vyake, na yeye alikuwa anakwenda nyumbani amefurahi mpaka Krismasi. Nikamwuliza basi leo amepatwa na nini.

Alimwangalia kaka yangu kwa muda mrefu, kuanzia kofia hadi viatu.

"Huyu ameushika mtaimbo kama Baltazar," alisema. "Mrefu kama baba yake, mpumbavu kama mama yake. Nilitaka kuangalia, nikashindwa."

Nolfa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona tulipofikia. Aliinama sikioni mwa mama yake, lakini jangwani hakuna mnong'ono. Alimwambia anyamaze tu. Wao hawana haja ya kufanya neno; shimo haliguswi, hawa hawana baruti wala maji, jua litawafukuza, watamrudisha marehemu wao Tocopilla. Na alisema kweli. Jeneza lilikuwa juani. Harufu ya mbao mbichi na ya kitu kingine ilikwishaanza, na Rosamel alikuwa ameligeuzia uso asiisikie.

Nikalikaribia kaburi la baba, nikaweka mkono kwenye msalaba wake, ule uliopakwa rangi mbili kwa kuwa kila familia hupaka yake juu ya ya wenzao.

"Bi Eduvina," nilisema. "Hili la pili alilitega kwa ajili ya nani? Jibu mbele yake."

Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kumwita kwa jina. Nadhani na yeye alilisikia.

"Mama yako aliambiwa na Baltazar kwamba ni lake," alisema. "Mimi aliniambia ni langu. Siku hiyo, ninampa chai, nikamwambia Baltazar, shimo ni moja, wanawake ni wawili, sasa sema. Akacheka mpaka akakohoa damu. Akasema ni la atakayetangulia."

"Mama," Nolfa alisema.

"Nimeulizwa huku Baltazar amelala hapo. Alidanganya wanawake wawili, inatosha, mimi siongezi." Akanyoosha kidole kwenye madumu ya maji chini ya turubai. "Leta maji."

"Maji yangu? Wamwombe marehemu wao."

"Nolfa. Leta maji."

Yalikuja. Nolfa aliyaweka chini kwa kishindo, akaenda kukaa garini, akafunga mlango. Ajuza akaamuru vyuma vyote visogezwe mbali, kisha akatuelekeza pa kumimina, kidogokidogo, ili baruti ilowe, mpaka shimo likaacha kuvuta pumzi. Tukangoja kiasi cha kuchemsha chai. Hakuna aliyechemsha. Nikang'oa ubao kwenye uzio ulioanguka, nikachota kwa ubao na kwa mikono, na ilitoka kama uji mweusi, inanuka kiberiti, ikaingia chini ya kucha zangu ikakaa huko majuma.

Lilipobaki shimo tupu Rosamel akarudi na mtaimbo wake, akaanza kulipanua. Mwamba unajitetea mahali pale. Alipiga mpaka shati likaganda kwa chumvi, yake na ya ardhi. Orosimbo akainuka, akatafuta mtaimbo wa pili garini kwao, akaja akasimama upande wa pili wa shimo. Nolfa akafungua kioo cha gari akamwuliza anafanya nini.

"Nataka kwenda nyumbani," Orosimbo alisema, akapiga.

Tulimzika mama jua likiwa limeshaegemea vilima. Hapakuwa na padri. Rosamel alianza Baba Yetu akaishia katikati. Bi Eduvina hakuondoka kwenye kiti chake hata wakati watu wa makaburi mengine walipopakia vitu vyao wakaanza kushuka pwani. Nilimwambia hana sababu ya kuendelea kukaa. Akasema anayo, anataka ahakikishe amefunikwa vizuri.

Sikumshukuru. Neno lilifika hadi kwenye meno likarudi. Kaka yangu anasema alituokoa. Mimi nasema alituacha tupige magoti juu ya baruti maisha yetu yote kisha akachagua siku aliyoipenda. Yote mawili ni kweli na sina haja ya kuyapatanisha.

Kabla ya kuondoka aliomba kitu kimoja. Aliomba yale mawe matatu. Nilitaka kumnyima, kwa sababu mkono wa mama ulikuwa juu yake, lakini nilikuwa nimepokea maji yao. Orosimbo akayabeba moja moja mpaka garini.

Mwaka uliofuata tulifika asubuhi, kwenye zamu yetu. Shada la mama lilikuwa chini, limekanyagwa. Nikalichukua lao nikalitupa ng'ambo ya uzio, na moyo wangu ukatulia; mambo yalikuwa kama kawaida.

Rosamel ndiye aliyeyaona. Upande wa kushoto wa baba, ambapo siku zote palikuwa mwamba mtupu, mawe matatu yamekaa kama mafiga. Chokaa yote imekwanguliwa, imebaki rangi yake ya jiwe. Kati yake pamesawazishwa na kushindiliwa chumvi, laini kama sakafu ya nyumba.

Bi Eduvina yuko hai hadi leo. Nasikia anatembea kwa mkongojo na anawafokea watu wa sokoni.

Rosamel alicheka siku ile, akasema kikongwe amejitengea nafasi kwa mawe ya kutishia watoto; chini yake hakuna kitu, angeipata wapi baruti. Akanyanyua mguu ayasukume.

Nikamkumbusha mkwe wa huyo kikongwe anafanya kazi gani.

Mguu ukabaki hewani kidogo. Kisha akaurudisha nyuma, akauweka chini taratibu, mbali na mawe.