Mtaa wa Kumi na Nne

Fundi alikuwa ameziwasha taa mbili za barabarani juu ya meza ya bohari, ya zamani kushoto na mpya kulia, akizitazama kwa jicho moja kupitia kioo cha mviringo kisichozidi upana wa kifuniko cha chupa.

"Fundi, umeota jicho la tatu?" aliuliza Breki, dereva wa gari lenye kikapu cha kumpandisha fundi nguzoni, huku akifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Ngoja kwanza."

"Nangoja. Kazi yangu yenyewe ni kungoja uteremke."

Kwa taa ya zamani kioo kilifanya alichokitarajia. Ile njano nzito, iliyozifunika barabara za mji huo tangu yeye hajaajiriwa, ilififia ikabaki kama kaa linalozimika. Akaigeukia taa mpya. Nyeupe ilibaki nyeupe. Ilipata ubuluu kidogo, basi. Akakiondoa kioo jichoni, akakirudisha. Hakuna kilichobadilika.

"Vipi?"

"Hii inapita."

"Ipite iende wapi?"

Fundi alikifuta kioo kwa ncha ya shati, akazima taa zote mbili, akaenda kupakia ngazi.

Kioo kile kilikuwa kichujio cha kamera. Kamera yenyewe haikuwa ya ajabu: aliinunua kwa mpiga picha wa harusi aliyeacha kazi, na lenzi yake ilizoea nyuso za maharusi. Kwa miaka mitatu sasa, kila jioni mbingu zilipokuwa safi, Fundi alipanda nayo juu ya paa la zege la nyumba aliyoishi na dada yake, akaisimamisha kwenye miguu yake mitatu, akaielekeza kwenye kundi la nyota la Jabari, chini kidogo ya zile nyota tatu zilizojipanga mstari. Pale ambapo jicho tupu liliona doa la ukungu tu, palikuwa na nebula, wingu la gesi na vumbi, kubwa kupita akili, likiwaka kwa wekundu.

Picha moja haikuonyesha kitu cha maana. Hakuwa na mtambo wa kuifuata mbingu inavyozunguka, kwa hiyo kila picha ilibidi ikamilike ndani ya sekunde tatu, kabla nyota hazijaanza kujiburura. Alipiga mia, akapiga mia nyingine, kisha kompyuta ikazilaza moja juu ya nyingine mpaka kilichokuwa hafifu kikajikusanya. Katika daftari aliandika tarehe, idadi na hali ya mawingu. Kila alipoongeza elfu moja, ukingo wa wingu ulisogea kidogo gizani, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Msimu huu alikuwa amefikisha elfu nane na mia mbili, na alitaka elfu kumi. Upande wa chini palikuwa na mkunjo mwekundu ambao hakuwahi kuuona katika picha zake za nyuma. Ulikuwa umeanza tu kujitokeza, naye alitaka kujua unaishia wapi.

Yote hayo yaliwezekana kwa sababu taa za zamani zilikuwa na rangi moja. Kichujio kiliikata njano, kikauacha wekundu wa wingu upite. Taa mpya zilibeba rangi zote ndani yake. Ukizichuja zote hubakiwi na kitu.

Na aliyepaswa kuzifunga taa mpya, nguzo kwa nguzo, ni yeye.

"Orodha panga mwenyewe," msimamizi alikuwa amemwambia. "Nguzo unazijua wewe."

Mitaa ilikuwa kumi na nne. Fundi aliandika wa hospitali, wa shule, wa soko, wa kituo cha mabasi. Wa tano kwa haki ulikuwa wake, maana nguzo zake zilikuwa mbovu na mtaro wake haukuwa na mifuniko. Aliuruka. Alipofika chini kabisa ya karatasi, aliuandika wa kumi na nne. Mwandiko haukutetereka.

Orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa, na jioni ya siku ile ile mshonaji wa nyumba ya mkabala alimsimamisha. Mama huyo aliweka cherehani barazani, chini ya nguzo, ili aendelee kushona jua likizama.

"Wewe njoo hapa! Mtaa wa fundi ndio wa mwisho?"

Fundi alisimama akijiandaa kutukanwa.

"Mwingine angeanza na mlango wake," mshonaji alisema. "Angemulika mpaka choo. Wewe umejiweka mkiani. Nimewaambia wote hapa, jamani, tumebahatika."

"Si hivyo, mama."

"Ndivyo! Tena usinibishie. Juzi nimeshona gauni la kijani kwa uzi wa kahawia. Chini ya hili litaa vyote ni matope. Mwenye gauni kaja hapa kafura, mashavu hayaingii mlangoni. Nikamwambia, vumilia dada, fundi wetu si mtu wa kujipendelea."

"Pole kwa gauni."

"Gauni nimelifumua. Wewe nenda kapumzike, mwanangu."

Alikwenda, lakini hakupumzika. Alipanda juu, akakuta mawingu, akashuka. Kesho yake mawingu. Siku nane mfululizo aliandika neno hilo moja katika daftari, na mchana alifunga taa: mtaa wa hospitali, wa shule, wa soko. Kila mtaa uliomalizika uliongeza weupe kwenye tumbo la mawingu upande ule. Wake ulibaki wa njano, na watu waliompita walimpa mkono.

Dada yake alikuwa mkubwa wake kwa miaka tisa. Alifua mashuka hospitalini, akitoka nyumbani mchana na kurudi saa tatu usiku. Nebula aliiita "mchumba wako".

"Sifa zako zimefika hadi kwenye mapipa ya sabuni," alimwambia usiku wa nane, akivua viatu. Kiatu kimoja kilikuwa kimelowa hadi kifundoni. "Kutwa nzima nimetembea nimetuna kama jogoo. Nimekosa kuuona mtaro, nimetumbukia. Hebu nionyeshe huyo mchumba, leo nimefurahi."

Alimwonyesha. Dada aliinama mbele ya kompyuta, akatazama muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Kapendeza. Na hapa chini?"

"Bado hapajatoka. Zinahitajika picha nyingine."

"Taa zikibadilika, kioo chako kitazizoea?"

Fundi angeweza kusema atajua mbele ya safari. Uongo mdogo tu, wa kupitishia usiku. Lakini dada yake ndiye aliyemfundisha kusema, na mbele yake uongo haukuwahi kumtoka sawasawa.

"Hapana," alisema. "Kwa nyeupe kioo hakina kazi."

Dada alinyooka. Alitazama dirishani, kwenye njano ya barabara.

"Kwa hiyo ile kumi na nne..."

"Ndiyo."

"Nami nimetuna kutwa."

"Ni wiki tatu tu, Dada. Nahitaji jioni mbili safi. Mbili tu."

"Huwezi kwenda kumpigia kwingine?"

"Kwingine wapi? Gari ni la idara, na usiku linalala."

"Na mama wa watu pale ng'ambo anakuombea dua." Hakupandisha sauti. Alikichukua kiatu kilicholowa, akakisimamisha ukutani kikauke. "Chai iko kwenye chupa," alisema, akaenda kulala.

Mchana uliofuata, kabla ya kutoka, dada alifungua kabati akatoa tochi. Aliimulika kwenye kiganja chake kuona kama betri bado zipo, akaitia mkobani. Kwa miaka yote hakuwahi kubeba tochi. Fundi, aliyekuwa amepitia nyumbani kuchukua koleo, alimwona, naye dada alimwona anamwona. Waliagana kama siku zote.

Kesho yake asubuhi alimwambia Breki, "Leo tunaingia kwetu."

"Si wa mwisho?"

"Niliandika hivyo."

"Haya, bosi. Kama umechoka kusifiwa, useme."

Walianza nguzo ya kwanza saa tatu. Kufikia saa nane mawingu yalianza kuchanika, na saa kumi hayakuwepo. Akiwa ndani ya kikapu, kwenye nguzo ya tisa kati ya kumi na mbili, Fundi aliinua uso. Mbingu ilikuwa imeoshwa, ya buluu mpaka kwenye mapaa, bila utando wa vumbi hata kidogo. Alikaa hivyo, bisibisi mkononi.

"Fundi!" Breki aliita kutoka chini. "Umelala? Zilizobaki tufanye kesho, mgongo umeniua."

 Fundi alikuwa ameipakata kama mtoto taa ya njano aliyoifungua.

"Sogeza gari," alisema. "Tunamaliza."

Saa kumi na mbili na nusu taa zikawaka zote kwa pamoja. Watoto walipiga kelele. Mshonaji alisimama na vidonge vyake vya uzi, akaviinua kimoja kimoja kwenye mwanga, akiwatajia wapita njia rangi zake.

Saa mbili Fundi alipanda juu, kwa mazoea tu. Jabari alikuwa amesimama wima. Alipiga picha moja, akaitazama kwenye kioo cha kamera: maziwa matupu, na nyota tatu zimezama ndani yake. Hakupiga ya pili. Alikaa kwenye zege mpaka saa tatu ilipokaribia.

Dada yake alitokea kwenye kona, mbali, nguzo sita. Siku zote hapo alikuwa kivuli tu kinachokuja. Leo Fundi alimwona mzima: sweta ya zambarau, mkoba, jinsi alivyouzunguka mtaro bila kuinamisha kichwa. Alipofika mbele ya nyumba alisimama, akatazama juu. Mshonaji, aliyekuwa bado barazani, aliyafuata macho yake.

"We! Kumbe huwa uko huko? Miaka yote nadhani ni tangi la maji!" Akacheka, na waliokuwa barabarani wakageuka. "Unafanya nini huko juu, baba? Mtaa mzima unakutafuta tukushukuru!"

 Dada alikuwa ameukinga mwanga kwa mkono ili amwone vizuri. Fundi akasogea mpaka ukingoni mwa paa, na walio chini wakanyamaza wamsikie.