Goti la Pimamaji

Kwa jina la Yule aliyeviunga viungo vyetu pasipo uzi wala msumari, akaweka kati ya mfupa na mfupa kitu laini ili tuiname na kuinuka bila kilio, naanza. Na rehema zimfikie Mtume wake, na kila aliyeufuata mwendo wake.

Watu wa habari hii ni wachache. Wa kwanza ni fundi wa vigae vya sakafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Pimamaji, kwa kuwa bilauri ya maji ikimwagwa juu ya sakafu yake, maji yalisimama palepale yasijue pa kwenda. Wa pili ni mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, aliyefunzwa kazi hiyo na kaka yake tangu kushika mwiko. Wa tatu ni binti wa Pimamaji, mtafiti katika maabara ya hospitali. Wa nne ni Imamu wa msikiti wetu, ambaye hapa maneno yake ni machache, lakini ni mazito.

Miaka kumi na minane kabla ya haya, Pimamaji alianguka kutoka kwenye ngazi, goti la kulia likagonga ukingo wa kizingiti cha jiwe. Mdogo wake alimbeba mgongoni hadi kwa daktari. Mfupa haukuvunjika. Uvimbe ulikwisha kwa wiki tatu, akarudi kazini akicheka. Lakini mwaka baada ya mwaka goti lilikaza asubuhi, kisha likawa lakwaruza kama mlango juu ya mchanga, hata likamkatalia sijida. Akawa husali juu ya kiti, mwisho wa safu, karibu na rafu ya viatu.

Hapo ndipo wivu ulipomwingia. Zamani nduguye alijulikana kuwa "mdogo wake Pimamaji". Sasa alisikia watu wakiulizana njiani, "Yule mzee ni nani?" na jibu likawa, "Kaka yake Fundi." Kila sala macho yalimtoroka, yakaenda safu ya mbele kuyatazama magoti ya nduguye yakikunjuka bila kushika kitu. Mara nyingi alitoa salamu asijue amesali rakaa ngapi.

Kisha Imamu akataka mihrabu iwekwe vigae vipya, na kazi akampa mdogo mtu. Pimamaji alikuwa ameitamani kazi hiyo ujana wake wote.

"Kaka, njoo ukae, unielekeze," mdogo wake alimwambia.

"Nikuelekeze nini? Si wewe ndiye Fundi?"

"Ah, kaka! Hilo ni jina la barabarani tu."

"Barabarani ndiko kwenye watu."

Jumatatu alasiri mdogo mtu alimaliza kuweka vigae. Jumanne asubuhi, nduguye alipokwenda kununua saruji ya kuziba mianya, Pimamaji aliingia peke yake.

Mafundi wa vigae wana ukaguzi wao: hukigonga kigae kwa mpini wa mwiko. Kilichoshika hujibu kwa sauti nene, na chenye uwazi chini yake hulia kama kopo. Lakini sharti siku tatu zipite, kwani kabla ya hapo saruji haijakomaa, na kugonga kwenyewe hukibandua kigae. Sharti hilo Pimamaji ndiye aliyemfunza nduguye, tena kwa kofi. Siku ile alilijua, akalikanyaga.

Alipiga magoti huku ameuma meno, akagonga. Sauti ikawa nene. Akagonga cha pili, nene vilevile. Kila kigae kilichojibu vyema kilimchoma moyo, naye akazidisha nguvu. Safu ya mwisho aliigonga mara tatu tatu, hata kimoja kikalia. Akafurahi. Mola amsamehe furaha ile, aliyoondoka nayo akichechemea.

Jumatano goti lilikuwa limevimba kama boga. Binti yake alimwita hospitalini.

"Baba, umepiga magoti wapi?"

"Msikitini."

"Juu ya kiti?"

Binti akamketisha mbele ya hadubini. "Hiki ni kipande cha gegedu, kile kitu laini kinachofunika ncha za mifupa. Tumekidondoshea uzito mdogo, mara moja tu. Seli za kijani zi hai, nyekundu zimekufa."

"Mbona nyekundu ni chache?"

"Pigo huua chache. Tabu ni hizo zilizobaki. Kazi yao ni kutulia na kuutunza ukuta unaozizunguka. Zikishtuka, zinapashana habari za hatari, zinamwaga vimeng'enya, ni kama mikasi, zinakata nyuzi za ukuta uleule zilioujenga. Ukuta ukilegea, uzito unazielemea, zinashtuka tena."

"Zinamtafuta adui?"

"Labda zinadhani zinatengeneza. Hatujajua yote, baba. Mle hamna mshipa wa damu wa kuleta msaada."

"Na pigo langu lilikwisha lini?"

"Siku ileile. Miaka yote iliyofuata ni kazi ya zilizobaki. Goti halirudi lilivyokuwa, ila tukiimarisha misuli ya paja, nawe ukaacha kupiga magoti, tutalipunguzia kasi ya kuharibika."

Pimamaji alibakiza jicho kwenye hadubini muda mrefu kupita haja.

Alhamisi jioni, siku tatu zilipotimia, mdogo mtu aligonga vigae mbele ya Imamu. Kumi na kimoja vililia, kile cha Jumanne na jirani zake. Uso ukamshuka.

"Mchanganyiko wangu ulikuwa mwepesi, Imamu. Sina la kujitetea."

"Mihrabu si mahali pa kujaribia," Imamu alisema. "Tutatafuta fundi mwingine. Na atakayeniuliza sababu, nitamwambia."

Pimamaji alikuwa kwenye kiti chake. Angenyamaza, jina la Fundi lingeondoka kwa nduguye siku ile. Aliinuka akishika ukuta.

"Mchanganyiko ulikuwa sawa. Mimi ndiye niliyevigonga vigae hivyo Jumanne."

"Jumanne?" mdogo wake akageuka. "Kabla ya siku tatu? Lile kofi ulilonizaba kwa kosa hilo mpaka leo nalisikia!"

"Basi nirudishie."

"Kaa, kaka. Nikikupiga utaanguka, na mimi sina tena mgongo wa kukubeba."

Aliyasema hayo bila kutabasamu, na kwa siku mbili hakuja kumsalimu. Siku ya tatu, Imamu akiwa amemrudishia kazi, alikuja, akakibeba kiti cha kaka yake hadi mihrabuni, akamtupia ncha ya uzi wa kunyooshea safu za vigae. "Shika. Macho yako hayaumwi."

Wakavibandua, wakaviweka upya, mmoja chini, mmoja juu ya kiti akiuchunga uzi. Siku tatu hakuna aliyegusa. Siku ya nne Pimamaji, kwa fimbo ndefu, aligonga kimoja kimoja, na vyote vikajibu kwa sauti nene.

Katika sala ya adhuhuri macho yalimtoroka tena kwenda kwenye magoti ya nduguye. Akayarudisha. Rakaa ya pili yakaenda, akayarudisha. Alitoa salamu akijua amesali nne.

Ndugu hao wote wametangulia. Mola awalaze pema, na sisi tuliobaki, wa sijida na wa viti, na binti yule aliye bado na hadubini yake, atutulize vifua baada ya kila pigo, amina.