Kompyuta ya Minza

Minza aliichomoa hedifoni kwenye tundu la mbele la kompyuta, akaichomeka kwenye redio ndogo ya ofisini. Redio ikamtajia bei ya pamba. Hedifoni nzima. Akairudisha, akawasha kompyuta upya, akasubiri. Kimya. Akapitisha vidole nyuma ya mashine, pale palipokuwa na matundu matatu ya kuchomekea sauti, akakuta bati laini. Hapakuwa na tundu hata moja.

Matundu hayazibi yenyewe. Mashine ilikuwa nyingine.

Yake ililetwa na shirika la kusaidia wasioona, mwaka ule kiwanda cha kuchambua pamba kilipotoka mikononi mwa ushirika kikawa mali ya Bundala. Ndani yake mlikuwa na programu ya kusoma skrini. Kila herufi aliyoibonyeza iliitaja, kila barua aliyoifungua iliisoma, kwa lafudhi ya Kizungu iliyoyavunjavunja maneno ya Kiswahili, na Minza akayazoea hivyo hivyo yalivyovunjika. Aliiongeza mwendo kidogo kidogo, mpaka mtu mwingine akiisikia hudhani ni mahindi yanamiminwa kwenye debe. Kwa sauti hiyo aliandika barua zote za kiwanda. Bundala naye alitoka gazetini: tajiri wa Bariadi anayewajali walemavu.

"Bosi, hii siyo ile," alimwambia.

"Kompyuta ni ileile. Kipofu ndiye wa kuniambia mimi kompyuta imebadilika?"

Ofisi nzima ikacheka, isipokuwa Felisita wa meza ya pili, ambaye barua za Minza sasa zilikuwa zimehamia kwake.

"Wewe bonyezabonyeza tu," Bundala alisema. "Lakini ujue, msimu ukiisha, asiyezalisha anapunguzwa. Soko huria halibebi mtu mgongoni."

Basi akabonyeza. Malori ya pamba yalianza kuingia kutoka Nkoma, naye bado anabonyeza, hedifoni kichwani, mbele ya mashine bubu. Hakulia. Vidole vikigonga, kimoyomoyo alimvua Bundala kitu kimoja kimoja: kwanza gari, kisha kiwanda, kisha meno.

Jumamosi moja mchana dereva alimfuata nyumbani, akampeleka mtaa wa Malambo, nyumbani kwa bosi. Wilhelmina, mke wa Bundala, alimpokea mlangoni kwa salamu ya Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Njoo utuokoe. Kuna kitu humu kinaongea, kinaongea, hata kula hatuli kwa raha! Watoto wakigusa kitufe, kinapayuka. Mahona fundi kahangaika nacho, kashindwa."

"Si mzime spika?"

"Tukizima spika na muziki unakufa. Kompyuta bila muziki ni ya nini?"

Kabla hajafika sebuleni, Minza aliisikia. Mahindi kwenye debe. Akakaa, akapapasa kibodi. Kitufe cha J kilikuwa bado na tone la gundi alilolidondosha kwa mkono wake.

"Bosi, hii ndiyo yangu."

"Yako? Ulinunua duka gani?" Bundala akavuta kiti karibu. "Sikiliza, Minza. Jumatatu wanakuja watu wa lile shirika. Ni wapya, hawajawahi kufika huku. Inyamazishe hii leo, Jumatatu ukae mezani na hedifoni zako, utabasamu. Kazi unayo mpaka uzeeke."

Kuinyamazisha ilikuwa kazi ya vitufe vitatu. Minza hakuvigusa. Aliingia kwingine, penye majina ya watumiaji, akaandika neno jipya la siri. Akaliandika mara ya pili. Sauti ikamiminika.

"Inasema nini?" aliuliza Bundala, ambaye Kiingereza cha kwenye skrini kilikuwa kinampita.

"Inauliza kama nina uhakika."

"Si uiambie ndiyo! Unangoja nini?"

"Sawa, bosi. Umesema wewe."

Akabonyeza, kisha akaizima mashine. Sebule ikatulia. Wilhelmina akapiga kigelegele.

"Lo! Kumbe kipofu ana akili!"

Jumapili jioni Bundala alikuja mwenyewe kwa Minza. Aliliacha gari likinguruma nje, akasimama mlangoni bila kubisha hodi.

"Inadai neno. Neno gani?"

"Kompyuta ni ileile, bosi. Kipofu nikuambie nini?"

"Usinichezee! Kuna kazi zangu humo."

"Hata mimi nilikuwa na kazi zangu humo."

Alimsikia akipumua. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyezoea kupewa. Minza aliifaidi kama anayekunywa maji baridi.

"Irudi mezani kwangu," alisema, "neno nitaliandika mwenyewe."

"Mahona ataifuta yote. Na hiyo sauti yako ikafie humohumo. Jumatatu usikanyage kiwandani."

"Na wageni utawaonyesha nini?"

"Hilo niachie mimi."

Minza alicheka baada ya gari kuondoka. Bila kipofu hakuna cha kuwaonyesha wageni, na kipofu kiwandani alikuwa mmoja. Gari lingerudi kumbembeleza. Asubuhi alivaa gauni la kanisani, akakaa kibarazani. Gari halikuja. Akachukua fimbo yake, akaenda kwa miguu. Wageni angewaambia mwenyewe.

Getini alizuiwa na Zengo, mlinzi.

"Mwangaluka, mayu. Nimeambiwa usiingie."

"Zengo, niko kazini."

"Nina watoto, mayu. Usiniponze."

Dirisha la ofisi lilikuwa hatua chache kutoka getini, nalo lilikuwa wazi. Minza alisikia viatu vya wageni, kisha vitufe. Mkono ule aliujua: Felisita, na kidole gumba chake kizito. Lakini mlio ulitoka meza ya dirishani. Meza yake.

"Na hii miwani nyeusi inakusaidia?" mgeni mwanamke aliuliza.

"Inanisaidia," Felisita alijibu. "Mwanga unaniumiza."

"Pole, mama. Na kompyuta, inakusomea vizuri?"

"Inanisomea vizuri."

Kamera ikalia.

"Hongera sana, Minza. Tutaomba wakuongezee nyingine."

"Asante," Felisita alisema, chini kwa chini.

Minza akashika vyuma vya geti. Akaanza kulitaja jina lake mwenyewe, mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, mara ya pili kwa kelele. Ya tatu haikutoka. Zengo alikuwa amemziba mdomo kwa kiganja, taratibu, kama anayembembeleza mtoto asiwaamshe watu, na kule ndani mgeni akawa anasema, "Bonyeza tena kidogo, mama, tupate picha nzuri."