Mfereji wa Mzee Mansour

Jumanne saa nne asubuhi, Mzee Mansour alikuwa ameshasimama chooni dakika ishirini. Mkojo ulitoka matone matatu, ukakatika. Chini jikoni mkewe, Bi Ummkulthum, alikuwa anaosha mchele. Mfereji nao ulitoa matone matatu, ukakatika.

Bi Ummkulthum alifunika sufuria, akangoja. Alilijua jambo hilo tangu mwezi wa mfungo sita: maji ya nyumba yao, na ya mtaa mzima nyuma ya bandari ya Malindi, yalitoka kwa kadiri mumewe alivyokojoa. Hakumwambia mtu kwa sababu Mzee Mansour alimkataza. Miaka thelathini alikuwa karani wa mizigo bandarini, na hakutaka watu wajue kwamba sasa suruali yake hulowa akipanda ngazi. Hata msikitini aliacha kwenda. Kila akitia udhu, tone lilimtoka likauvunja.

Mafundi walikuja wakafukua mabomba, hawakuona kosa. Ijumaa mkojo ukaziba kabisa. Tumbo la Mzee Mansour lilivimba likawa gumu, na mtaa wote ukakauka. Ndipo Bi Ummkulthum alipotoka nje akasema kweli.

Hakuna aliyeshangaa. Nadir, sheha wa mtaa, alisema alikuwa akihisi hivyo. Wanaume wanne wakambeba mgonjwa juu ya kiti hadi kwenye gari, wakampeleka hospitali.

Daktari alisema tezi dume limekua na kuibana njia ya mkojo. Akamtia mpira wa kutolea mkojo, wenye mfuko mwishoni. Mfuko ulipoanza kujaa, kule mtaani wanawake walipiga vigelegele mbele ya mifereji.

"Mpira huu ni wa muda tu," daktari alisema. "Alhamisi ijayo tutamfanyia upasuaji. Baadaye atakojoa mwenyewe."

"Na siku hiyo ya upasuaji, maji yatakuwaje?" akauliza Nadir, aliyekuwa amefuatana nao.

Daktari alisema hilo hakulisomea.

Mzee Mansour akarudishwa nyumbani na mpira wake, na wiki ile maji hayakukatika hata saa moja. Majirani walileta madafu na matikiti, wakamhimiza Mzee Mansour anywe. Mpira ulimchoma kila alipojigeuza, lakini alikunywa, maana walikuwa wamesimama wakimtazama.

Jumatano alasiri Nadir akaja.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Naona mambo yameshatengemaa. Kisu cha nini tena?"

"Nnaumwa, Nadir."

"Pole, Mzee. Lakini mtaa una watoto wadogo."

"Nyinyi mnataka maji," Bi Ummkulthum akasema. "Mie nnamtaka mume wangu."

Nadir aliinamisha kichwa kwa adabu, akamaliza kahawa yake.

Alhamisi asubuhi Bi Ummkulthum alimvisha mumewe kanzu safi. Kwa mkono mmoja aliushika mfuko wa mkojo, kwa wa pili akamshika yeye. Walipofungua mlango waliwakuta majirani wameketi kwenye ngazi, kutoka juu mpaka chini, bega kwa bega.

"Shikamooni," wakasema wote.

Hakuna aliyesogea.

Mzee Mansour alisimama kidogo, kwa kuwa kugeuka haraka kulimuuma. Kisha akarudi ndani. Bi Ummkulthum alimlaza kitandani, akaufunga mlango, akaumwaga mfuko ndani ya beseni.

Majirani wakashuka kila mtu kwake. Mmoja alisikika akisema kwamba leo maji yana nguvu.