Vidonge vya Watu Wawili

Jumatatu, tarehe tisa Juni. Asubuhi hiyo manyunyu yalidondoka bila upepo, na mawingu yakakaa chini kama dari lililolowa.

Mshonaji aliingia kliniki akiwa amemshika dada yake mkono. Mwaka uliopita walikuja pamoja kuomba upasuaji wa kupunguza tumbo. Yeye, mdogo, alikubaliwa. Mkubwa akaambiwa moyo wake hautahimili kisu. Tangu hapo mdogo alipungua mpaka gauni lake la ibada akalibana tena na tena, na kila alipolibana, dada alishangilia kwa sauti iliyokaribia kilio.

"Leo mmependeza! Mnakwenda kuposwa?" nesi akawatania.

"Mimi nani atanibeba?" dada akajibu. Wakacheka.

Daktari hakucheka. Alieleza kwamba unene huzalisha mwilini sumu zinazotafuna mishipa kama kutu inavyokula bati. Baada ya upasuaji, damu ya mshonaji ilionyesha kutu hiyo ikipungua. Sasa imepanda tena.

"Vitamini nilizokuandikia baada ya upasuaji unameza?"

"Nameza, daktari."

"Kidonge kizima?"

Mshonaji akainamisha kichwa. Kila asubuhi, baada ya sala, alikikata kidonge kwa mkasi wake wa kazi: nusu yake, nusu ya dada. Tangu utotoni walichopata waligawana. Hakujua namna nyingine ya kumpenda.

"Nusu nampa yeye. Nilidhani kinachonisafisha mimi kitamsafisha na yeye."

"Tumbo lako halifyonzi chakula kama zamani, mama. Nusu haikutoshi. Na yeye haimsaidii."

"Basi yeye atasaidiwa na nini?"

Daktari aliitazama meza. "Tutaendelea na dawa za moyo."

Mshonaji alitafuta sala, akakosa hata neno la kuanzia. Alikuwa amemwomba Mungu mlango wa kupita wawili.

"Mdogo wangu," dada akasema taratibu, "nusu yangu nimeikataa. Apa kwamba hutanigawia tena, hawa wasikie."

"Dada, usinifanyie hivyo."

"Apa! Tukienda kaburini wote, mama yetu mgonjwa kule nyumbani atageuzwa kitandani na nani?"

Nesi akaweka kalamu chini. Mshonaji akasimama, mkono wake ungali ndani ya mkono wa dada.

"Mbele ya Mungu, na mbele yenu," alisema, "kuanzia kesho nitameza peke yangu."