Utepe Mwekundu Jabalini

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Lakini kwa hili nihukumuni nyinyi.

Kwetu Kentucky, katika hifadhi ya Bonde la Harlow, sisi wapanda majabali tuna ada yetu. Ukigundua njia mpya ya kupandia, ukaisugua kuondoa udongo na majani, ukapigilia vyuma vya kupitishia kamba, unafunga utepe mwekundu kwenye chuma cha kwanza. Hapo hakuna wa kuigusa, hata ukikaa miaka mitano. Na wa kwanza kufika juu bila kuanguka ndiye anayeipa jina.

Yangu niliihangaikia miaka miwili. Nilitaka iitwe Dwight, jina la marehemu kaka yangu, aliyenifundisha kupanda pale pale. Mama naye alikuwa akiingoja siku hiyo. Kila Jumapili, mkate wa mahindi haujapoa, ananiuliza, "Bado, Nadine?"

"Bado, Mama."

Mshika kamba wangu, wa kunizuia nikiteleza, alikuwa Corbin, rafiki wa kufa na kuzikana. Nilimwonyesha kila kitu, pa kubana vidole, pa kutupia mguu. Oktoba nikateguka kidole, na zilikuwa zimebaki hatua mbili tu nifike juu! Daktari akanipa wiki sita za kupumzika. Corbin akaniambia, "Pona kwanza, dada. Jabali halina miguu."

Wiki sita zilipokwisha nikamchukua Mama na fimbo yake, tukapanda kijia polepole, tukapita maporomoko, hadi chini ya jabali. Utepe haupo. Corbin yupo, anajipangusa chaki ya kupandia mikononi, anacheka mpaka gego la mwisho.

"Nimeipanda Jumanne!"

"Umepanda nini?"

"Usininunie bwana, Nadine. Nimeipa jina lile lile ulilotaka. Dwight! Nimekufanyia wewe."

"Nani alikutuma?"

"Kidole chenyewe hicho. Ungengoja mpaka theluji?"

"Ningengoja hata nikiota mvi! Ule utepe ulidhani ni wa kufungia zawadi?"

"Aa, mbona unakuza mambo? Jina si limepatikana?"

Kikulacho ki nguoni mwako, jamani. Miaka miwili mtu huyu ameshika uhai wangu mikononi, kumbe anakariri njia. Niliumia kuliko siku nilipoanguka nikavunjika mbavu. Nikafungua mdomo nimpe vidonge vyake.

Mama akaniwahi. Ada zetu hazijui, yeye alisikia jina tu. Aliangusha fimbo, akamkumbatia Corbin kwa mikono yote miwili, machozi yanamtiririka.

"Mungu akubariki, mwanangu. Umemfikisha Dwight wangu juu."

Corbin akanitazama juu ya bega la Mama.

"Nadine, umesimama tu?" Mama akanigeukia. "Hivyo ndivyo nilivyokulea? Mshukuru mwenzako."

Nilimtazama Mama, uso wake ulivyong'aa. Sijauona hivyo tangu tumzike kaka.

"Asante, Corbin," nikasema.