Kilo Ishirini na Tano

Nyigu aliacha kuchana nywele kwa mkono wa kulia walipofika mji wa tatu, na Mjomba akajitia hamnazo.

Walikuwa wamepanga vyumba viwili vidogo vyenye mlango katikati, katika hoteli ambayo lifti yake ilikuwa na karatasi ya kuomba radhi iliyokwisha pauka. Kwenye meza ya Mjomba ilikaa mashine ya kufungia nyuzi za raketi, ambayo aliibeba kila mji akiifunika blanketi utadhani ni kichanga. Mlango ulikuwa wazi. Nyigu alisimama mbele ya kioo, kitana mkono wa kushoto, kichwa kimeinama kukifuata kitana. Msichana wa miaka kumi na tisa anayefanya kila kitu kwa mkono wa kulia habadilishi mkono kwa kupenda. Mjomba aliliona hilo vizuri sana, kisha akageukia mashine yake na kuanza kupiga mluzi.

Jina la Nyigu alipewa na wachezaji wenzake, kwa udogo wa umbo na kwa jinsi mpira wake ulivyouma. Alikuwa anapanda polepole katika mashindano ya chini kabisa ya tenisi ya kulipwa, yale ambayo mtu hushinda mechi za mchujo ili apate tu ruhusa ya kuingia mlangoni, na watazamaji ni wapinzani wanaosubiri zamu. Mjomba alikuwa kocha, dereva, mfua nguo na fundi wa nyuzi. Enzi zake naye alicheza, akaishia kwenye mechi hizohizo za mchujo, na kama kuna jambo aliloliogopa duniani ni kumwona mtoto wa dada yake akiishia hapo.

Wiki mbili kabla, Nyigu alikuwa amemwambia, "Mjomba, bega linauma nikianzisha mpira."

"Linauma vipi?"

"Kama kuna kitu kinasagika ndani."

Mtu mwenye akili timamu angempeleka kwa daktari wa mashindano. Mjomba alimjua daktari huyo: angeliminya bega mara moja, angesema pumzika nusu mwaka, na pointi zote alizozihangaikia binti zingeyeyuka. Basi akamchua kwa dawa ya moto. Halafu alipokuwa akifunga nyuzi asubuhi ile, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kipimo cha mashine na kukishusha. Nyigu alitaka nyuzi zikazwe kwa kilo ishirini na tano, tangu utotoni, na hakuna mtu aliyethubutu kumgusia namba nyingine. Mjomba akafunga ishirini na tatu. Nyuzi zikilegea, raketi humeza kishindo na mpira huruka mbali bila mchezaji kujikamua.

"Ngapi?" aliuliza Nyigu akiipokea.

"Ishirini na tano. Kwani mimi ni mgeni wako?"

Siku hiyo mipira yake mingi ilipitiliza mstari. Mjomba alimwita kando na kumwambia kwa uso mkavu kabisa, "Umepata nguvu, mama. Umekua. Sasa ufunike mpira zaidi, usiuache uende tu." Nyigu akaufunika, akiuzungusha kwa mbele ili ushuke upesi. Mpira ukaanza kutua kule mwisho kabisa wa uwanja, mzito, na wapinzani wakaanza kurudi nyuma hatua baada ya hatua. Akashinda mchujo. Akashinda raundi ya kwanza, ya pili. Jioni alijaribu bega lake, akalizungusha, akacheka.

"Mbona haliumi sana?"

"Si umepona," alisema Mjomba.

Ubaya wa uongo huo ni kwamba ulikuwa mtamu kwa wote wawili. Baada ya muda aliyeusema akaanza kuuamini. Kila binti alipofika mbali zaidi, Mjomba alishusha kipimo kidogo zaidi. Ishirini na mbili, robo fainali. Ishirini na moja, nusu fainali. Dada yake alipopiga simu kuuliza habari za mwanawe, alimjibu kuwa mtoto ni mzima na anapasua anga. "Nimekukabidhi, kaka," dada yake alisema, kama alivyosema kila simu, na Mjomba akasema ndiyo, ndiyo, akakata mapema akisingizia mtandao.

Lakini mambo madogo yalikuwa yakimfuata. Nyigu alianza kufungua milango kwa kushoto. Alianza kulala chali, yeye ambaye tangu mdogo alilalia ubavu. Mara moja mezani kikombe kilimponyoka, akakitazama pale sakafuni kwa mshangao, akasema vikombe vya hoteli hii vina utelezi. Mjomba aliokota vipande na kukubali kwamba vina utelezi. Nyuzi zilikuwa zimenyamazisha maumivu tu. Ndani kule kitu kiliendelea kusagika, na yeye ndiye aliyekuwa amezima king'ora.

Katika mji wa tano wakaingia fainali, ya kwanza katika maisha ya Nyigu. Asubuhi yake Mjomba alikwenda kuchukua nguo za mechi kwa dobi mtaa wa pili. Foleni ilikuwa ndefu na dobi alikuwa mtu wa hadithi. Aliporudi viwanjani alimkuta Nyigu kwenye geti la uwanja mkuu, begi begani, bega la kushoto, akitabasamu.

"Leo nimekupumzisha," alimwambia. "Macho yako yamekuwa mekundu kwa kuinamia ile mashine. Raketi zote nimempa fundi wa mashindano, amekata nyuzi na kuzifunga upya. Yule mzee ana mkono mwepesi."

Mjomba alilitazama begi. "Umemwambia ngapi?"

"Ishirini na tano. Ningemwambia ngapi tena?"

Hapo ndipo alipokuwa na nafasi. Sentensi moja tu ingetosha, na si ndefu. Alifungua mdomo. Akaona uso wa binti, ulivyong'aa kwa kumfanyia mjomba wake hisani, akaufunga mdomo. Mwamuzi akawaita wachezaji. Nyigu akaingia uwanjani, na Mjomba akaenda kukaa kwenye kiti chake akiwa amekumbatia nguo zilizopigwa pasi.

Mpira wa kwanza ulikwenda kwenye wavu. Wa pili pia. Nyuzi zilizokazwa hazikumpa kitu cha bure, na kila kilichokuwa kikiruka chenyewe sasa kilibidi kitoke mwilini mwake. Alitazama raketi, akabadilisha, akachukua ya pili, ikawa yaleyale. Seti ya kwanza ikaenda haraka. Wakati wa kubadili upande alisogea karibu na kiti cha Mjomba, jasho likimtiririka, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeibiwa.

"Mjomba, nguvu zangu zimekwenda wapi?"

"Zipo," alisema. "Tumia miguu." Kisha, Mungu amsamehe, akaongeza, "Jikaze."

Nyigu akajikaza. Alianza kuupiga mpira kwa kila alichokuwa nacho, na mpira ukaanza tena kutua kule mwisho. Watu wakapiga makofi. Seti ya pili akaichukua, na Mjomba naye alijikuta amesimama anapiga makofi, moyo wake ukimwambia kwamba huenda alikuwa amepona kweli, huenda hofu yote ilikuwa ya bure. Aibu ya makofi hayo ndiyo iliyomkaa zaidi baadaye.

Katika seti ya tatu Nyigu alikuwa mbele. Alirusha mpira juu ili auanzishe, akajinyoosha, akapiga, na raketi ikaenda zake peke yake hadi kwenye wavu. Mkono wake ulining'inia. Hakulia. Alikaa chini taratibu, akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyemwomba amshikie.

Daktari wa mashindano, mama mfupi mwenye miwani, alimpeleka kwenye benchi na kuliminya bega. Mjomba alikuwa ameshafika, nguo bado mikononi.

"Limeanza kuuma lini?" aliuliza daktari.

"Leo," alisema Nyigu. "Liliuma kidogo zamani, lakini lilipona."

Daktari alipapasa tena, polepole, halafu akaacha. "Binti, hili si la leo. Hili limekatika uzi mmoja mmoja, kwa wiki nyingi. Ulichezaje?" Kisha daktari akamtazama Mjomba.

Mjomba akasema. Alisema yote, vipimo vyote alivyovishusha, mji hadi mji, bila kujitetea. Alidhani akimaliza atajisikia mwepesi. Nyigu alimsikiliza akiitazama mistari myeupe ya uwanja, na aliponyanyua macho hakuuliza atapona lini wala kama atapona.

"Kwa hiyo zile mechi zote," alisema. "Nani alikuwa anashinda? Mimi au nyuzi zako?"

"Ni wewe," alisema Mjomba. "Haki ya Mungu, ni wewe."

Na ilikuwa kweli tupu, maana nyuzi hazikimbilii mpira wala hazina moyo wa kurudi kutoka nyuma. Lakini alimwona binti akimpima usoni, kwa makini, jinsi mtu anavyompima muuzaji aliyekwisha mpunja, na akajua kwamba hamwamini.